Chupa Tatu za Vumbi la Bahari

Mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Watu wote wa kituo wanalijua hilo. Ndiyo maana walinibandika jina la Mng'aro, na siku hizi hata mlinzi wa getini halikumbuki jina langu la kweli.

Kazi yangu ni kuosha vyombo. Si sahani wala vikombe. Naosha chupa, mirija na bakuli za watu wanaochunguza bahari. Kituo chetu kina meli moja, maabara mbili, na ofisi kumi ambazo saba kati yake zinavuja. Naingia saa mbili asubuhi. Navaa aproni ya mpira na glavu. Nafungua bomba, na kuanzia hapo ni kusugua mpaka saa tisa na nusu.

Sinki langu lina meza mbili. Meza ya kushoto ni ya vyombo vichafu. Meza ya kulia ni ya vyombo safi. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, na niliisimamia kama askari. Mtu akileta chombo, akiweke kushoto, basi. Sikutaka maelezo. Kikiwa kushoto, naosha. Kila chupa naisugua kwa sabuni na brashi. Naisuuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Mwisho naijaza maji hayohayo mpaka shingoni na kuifunga, ili vumbi lisiingie. Nilijivunia utaratibu huo kupita kiasi, na ndio ulioniponza.

Kazi yenyewe sikuiomba. Nilipewa kwa kuonewa huruma. Mume wangu alikuwa baharia wa kamba kwenye meli ya kituo. Siku moja meli ilikwenda mbali sana kushusha mtego wa uchunguzi baharini. Mtego ulishuka salama. Meli ilipokuwa inageuka kurudi, wimbi liliipiga ubavuni. Mume wangu alikuwa ukingoni akikusanya kamba. Walimtafuta siku mbili, na hawakumpata.

Nyumba tunayokaa ni ya watumishi. Ina vyumba viwili na jiko. Wakubwa walisema tunaweza kubaki, ila lazima mtu mmoja wa nyumba ile awe anafanya kazi kituoni. Nikafunga aproni.

Tupo wawili tu, mimi na mama mkwe. Mimi na mume wangu hatukujaliwa mtoto. Mama mkwe angeweza kwenda kwa binti yake, nami ningeweza kurudi kwa kaka yangu. Hakuna aliyeondoka. Nadhani kila mmoja wetu aliogopa kwamba mwenzake akiondoka, hatabaki mtu wa kumkumbuka yule kijana vizuri.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na neno moja lisilotamkwa. Neno hilo ni "marehemu". Mgeni akijisahau akasema "marehemu mwanao", mama mkwe alimkata kauli palepale. Alimuuliza amemwona wapi amekufa. Mgeni alibaki anatazama vidole vya miguu yake. Hatukuwa na kaburi. Hatukuwa na maiti. Hata kiatu hatukuletewa. Mimi mwenyewe nikisikia buti zinakanyaga kokoto nje, niligeukia mlango.

Barua za ofisi kuhusu mwanawe zilikuja nyingi. Mama mkwe hakujua kusoma, kwa hiyo alisomewa. Aliona wanampunguzia maneno. Basi akajiandikisha kwenye darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi, akiwa na miaka sitini na saba. Mwalimu wake alisema ni mkaidi, lakini anashika.

Mwaka mmoja ulipita. Meli ilikwenda kuutoa mtego ule baharini, na ilirudi siku ya manyunyu. Kituo kizima kilikuwa mbio. Masanduku yalijaa kwenye korido. Meza zote za maabara zilikuwa na kamba, nyaya na makopo. Mimi sikwenda gatini. Tangu mume wangu apotee, meli ile sikutaka kuiona. Nilibaki na sinki langu.

Fundi wa mitego aliingia amebeba kreti iliyofunikwa kwa kitambaa. Fundi huyu ni mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ndogo. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na mimi huniita shemeji. Alitafuta pa kuweka kreti, hakupaona. Mara akaitwa gatini, winchi ya kuvutia kamba imekwama. Akaiweka kreti kwenye meza ya kushoto, akatoka mbio. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Sheria ilikuwa yangu.

Nilifunua kitambaa. Kulikuwa na chupa kumi na tatu za plastiki ngumu, kila moja na namba yake. Nikafungua namba moja. Harufu kali ya dawa ikanipanda puani. Chini ya chupa kulikuwa na tope laini, kijivu na kijani, la unene wa vidole viwili. Nikasema moyoni, hawa wasomi hawana haya, chupa imekaa hivi tangu lini? Nikaimwaga yote kwenye sinki. Nikasugua, nikasuuza mara tatu, nikajaza maji safi, nikafunga, nikairudisha kwenye kreti ili namba zisichanganyike. Nikafanya hivyo kwa namba mbili. Nikafanya hivyo kwa namba tatu.

Namba nne ilikuwa tayari mkononi mwangu Fundi aliporudi, ameloa chapachapa. Aliichukua mkononi mwangu, akaipanga pamoja na zile nyingine. Kisha akaibeba kreti kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba kitoto kichanga.

"Ahsante kwa kunitazamia, shemeji," alisema. "Mwaka mzima umo humu."

Akaenda nayo kwenye chumba cha baridi. Nilibaki na brashi mkononi. Sikujua nimefanya nini hasa. Ila nilikuwa nimeona jinsi alivyoibeba ile kreti, nikahisi nimeharibu.

Ningeweza kumkimbilia palepale. Sikumkimbilia. Nilijiambia labda chupa tatu si kitu. Nilijiambia labda zile tatu ni za akiba. Mtu akitaka kujidanganya, maneno hayamwishii. Nikaendelea kuosha mirija.

Jumatatu nilipeleka bakuli safi kwenye chumba cha Daktari. Tunamwita Daktari, lakini hatibu mtu. Majirani walishamletea vikohozi na vidole vilivyobanwa na milango, akawarudisha wote. Yeye anachunguza kile ambacho sisi wa kituo tunakiita vumbi la bahari. Ni mama wa makamo, mkavu wa maneno. Nilimkuta amesimama na Fundi mbele ya zile chupa kumi na tatu. Kumi zilikuwa na tope chini. Tatu zilikuwa zinang'aa.

Nilisimama mlangoni. Daktari alikuwa amepima maji ya zile tatu. Alisema hayana ile chumvi nyingi wala dawa. Kabla mtego haujashuka, kila chupa hujazwa maji ya chumvi nyingi sana, yaliyotiwa dawa ya kuhifadhia. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo hubaki ndani ya chupa hata ikiwa wazi huko chini. Dawa nayo huzuia vumbi lisioze wala kuliwa. Alimuuliza Fundi nani alizijaza.

Fundi alisema walizijaza watu wawili, pale pale melini. Yeye alijaza namba nne mpaka kumi na tatu. Namba moja, mbili na tatu zilijazwa na mume wangu.

Daktari alivua miwani. Alisema hapendi, lakini taarifa yake inasomwa na watu wa mbali wanaotega mitego kama huu, na lazima aeleze kwa nini chupa tatu hazina kitu. Ataandika kwamba hazikujazwa ipasavyo. Akageuka, akaniona.

"Pole, dada," alisema. "Hakuna anayemlaumu."

Niliziweka bakuli mezani na kutoka bila kusema neno. Kuosha zile chupa kulikuwa kosa la mtu asiyejua. Kutoka mle chumbani kimya kulikuwa kosa la mtu anayejua, na mpaka leo nikilikumbuka naona aibu.

Jioni ile, jua bado lipo, Fundi alikuja nyumbani. Alitaka mama mkwe alisikie jambo hili kutoka kwake, asije akalisikia dukani. Alikaa kwenye kigoda akaeleza taratibu, akizungushazungusha kofia yake. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Huyo nilikuwa namtuma maji akiwa hivi," alisema, akaonyesha kimo kwa kiganja. "Hakurudi hata siku moja na ndoo pungufu. Leo mnaniambia hakujaza chupa?"

Fundi alisema hata yeye anashangaa. Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Maiti hamkuniletea," alisema. "Sasa mnamzika kwenye karatasi, na kosa juu yake."

Fundi aliaga akaondoka. Nilikwenda uani kuanua nguo, maana mikono yangu ilitaka kazi. Nilikuwa nimebanwa kila upande. Nikisema, nafukuzwa kazi, na nikifukuzwa kazi nyumba nayo imekwenda. Mama mkwe ataanza kuhamahama kwa watu na uzee wake. Nisiposema, mume wangu atabaki na kosa lisilo lake, naye hana tena kinywa cha kulikana.

Mama mkwe alikuja na beseni kunisaidia. Nilimtazama mikono yake, nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nilisema, "alizijaza. Mimi ndiye niliyezimwaga. Nilidhani ni uchafu."

Alikuwa ameshika shuka. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama mto. Aliniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikamjibu sijamwambia mtu.

"Mimi kuniambia kunasaidia nini?" alisema. "Mimi ndiye ninayeandika hiyo taarifa?"

Nikamwambia tunaweza kutolewa kwenye nyumba. Akautazama ule ukuta wenye ufa na lile bati lenye kutu.

"Kwani nyumba hii ni ya baba yako?" aliniuliza. Kisha akalia, na mimi nikalia, tukiwa tumesimama katikati ya nguo.

Kesho yake nilijikaza kisabuni. Nilifika kituoni kabla ya saa mbili, nikamsubiri Daktari mlangoni kwake. Nilimwambia yote bila kuketi. Meza ya kushoto, brashi, maji safi mpaka shingoni. Nilipomaliza, alikwenda dirishani akanipa mgongo.

"Unajua ulichomwaga?" aliuliza. Alikuwa amekasirika.

Nilijibu kwamba niliona uchafu. Akaniambia nisogee. Alichukua namba nne, akadondosha tone moja kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Aliniambia nichungulie.

Mwanzo sikuona kitu ila kope zangu. Baadaye nikaona. Kulikuwa na magamba maangavu, mengine ya duara, mengine marefu, yenye matundu yaliyopangwa vizuri kama yametobolewa kwa sindano. Kulikuwa na nyuzi za kijani. Kulikuwa na punje za kahawia, nyingi, zenye umbo la mchele. Vyote vilikuwa vimeshikana kwa ute. Nilikaa pale mpaka jicho likauma.

Daktari aliketi. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini alianza kunieleza.

"Unapikia mkaa?" aliniuliza.

"Kila siku."

"Mkaa karibu wote ni kaboni. Ukiuchoma, unaisha jikoni, lakini kaboni haijapotea. Imepanda hewani. Imekuwa hewa ukaa. Huioni wala huisikii harufu."

Alisema magari, viwanda na mioto ya misitu vinapandisha hewa hiyohiyo. Ikizidi angani, huzuia joto lisitoke, kama blanketi. Nikamuuliza hayo yanahusiana vipi na chupa zangu. Akasema tulia.

Sehemu ya hewa ukaa huingia kwenye maji ya bahari. Juu ya bahari, pale mwanga wa jua unapofika, kuna mimea midogo mno. Haina mizizi. Inaelea tu na kuchukuliwa na maji. Mimea hiyo, pamoja na wadudu wadogo wanaoelea nayo, huitwa planktoni. Mimea huchukua hewa ukaa na mwanga wa jua, ikajenga miili yake, kama majani ya nchi kavu yanavyofanya. Kwa hiyo ile kaboni iliyokuwa moshi sasa ni mwili wa mmea. Wadudu wanaoelea huila mimea hiyo. Wakishakula hunya. Wengine hufa. Mabaki yote hayo hunatana kwa ute, yakawa mazito, yakaanza kuzama.

"Hilo ndilo vumbi la bahari," alisema. "Zile punje za kahawia ulizoziona ni mavi."

"Kwa hiyo nilimwaga mavi," nilisema.

"Ulimwaga mavi ya wiki kumi na mbili," alijibu. Nusura acheke, na mimi nusura nicheke, lakini hakuna aliyecheka.

Alinichorea kwenye karatasi. Juu alichora mstari wa maji. Chini kabisa alichora tope. Katikati alichora mtego wetu, faneli kubwa iliyofungwa kwenye kamba ndefu, mita elfu mbili chini ya maji. Chini ya faneli kuna duara la chupa kumi na tatu na saa ya betri. Chupa ya kwanza hufunguka siku moja baada ya mtego kushuka. Kila baada ya wiki nne duara huzunguka, chupa moja inaondoka na nyingine inaingia mahali pake. Hivyo kila chupa inapokea vumbi la wiki nne. Chupa zote kwa pamoja ni mwaka.

Safari ya vumbi kutoka juu mpaka kwenye mtego huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki. Njiani sehemu kubwa huliwa na viumbe wengine, na kaboni yake hurudi kwenye maji. Kinachofika chini kabisa ni kidogo sana. Kuna wadudu nao hupanda juu kula kila giza linapoingia, na kabla ya mapambazuko hushuka tena, matumbo yamejaa, kwa hiyo nao hubeba kaboni kwenda chini. Maji ya kilindi hayapandi juu haraka. Kaboni iliyofika huko inaweza kukaa mamia ya miaka kabla ya kuona hewa tena. Ile kidogo inayofukiwa kwenye tope hukaa zaidi ya hapo, muda usiohesabika kwa maisha ya watu.

"Kama mzigo huu usingeshuka," alisema, "hewa tunayovuta ingekuwa na kaboni nyingi kuliko hii iliyopo, na joto lingekuwa kali zaidi."

Nikafurahi kidogo. Nikamuuliza kama bahari basi itatuondolea moshi wetu wote. Alitikisa kichwa.

"Hapana, dada. Planktoni wana kasi yao. Sisi moshi tunaupandisha haraka kuliko wanavyoweza kuushusha. Na maji ya juu yakipata joto sana, chakula cha mimea kinachopanda kutoka chini hupungua. Tunahofia mimea itapungua, na mzigo nao. Lakini hofu haitoshi. Lazima tupime, mwaka hadi mwaka. Na wiki zile kumi na mbili sina namna ya kuzipima tena. Zimepita."

Alisema maneno hayo bila ukali, na yaliniuma kuliko ukali. Nilikuwa nahesabu kichwani. Chupa namba moja ilifunguka siku moja baada ya mtego kushuka. Mume wangu alipotea siku ile mtego uliposhuka. Wiki nne zile za kwanza, alikuwa mle baharini.

"Daktari," nilisema, "kinachofika chini kinakaa huko?"

"Kinakaa."

"Hakirudi?"

Alijua simuulizi habari za vumbi. Alinitazama usoni.

"Si katika maisha yetu," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Nililia palepale, aproni usoni. Hakunikataza. Alisogeza kiti akakaa karibu yangu mpaka nikanyamaza. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wananiambia nisikate tamaa, au nimwachie Mungu, au nijipe moyo. Yule mama mkavu wa maneno ndiye wa kwanza kuniambia kweli.

Wakubwa walikaa siku tatu kunijadili. Siku tatu hizo mimi na mama mkwe tulifunga mizigo. Tulifunga hata sufuria, tukabaki tunapikia moja. Siku ya tatu niliitwa. Fundi alikuwepo kabla yangu. Alikuwa amewaambia kwamba kreti aliiweka yeye upande wa kushoto, na kwamba tangu alipoona zile chupa tatu zinang'aa alihisi kilichotokea. Aliogopa kuuliza, maana jibu lingemrudia yeye. Alisema hivyo huku machozi yanamlenga. Basi tulikuwa wawili tuliomwachia rafiki na mume mzigo wetu.

Daktari naye alizungumza. Alisema nimemwaga dawa ya sumu kwenye sinki la kawaida, nimeharibu robo ya kazi ya mwaka, na kwamba bado amenikasirikia. Kisha akasema kama nisingesema, yeye angeandika uongo, na uongo huo ungebaki vitabuni sisi sote tukiwa tumekufa. Tulipewa barua za onyo, mimi na Fundi. Hakuna aliyefukuzwa. Tulirudi nyumbani tukafungua sufuria.

Utaratibu ulibadilika wiki ileile. Sasa karibu na chumba cha baridi kuna rafu iliyopakwa rangi nyekundu. Kreti ya mtego inawekwa hapo tu, hata kama nyumba inaungua. Kila chombo kinachokuja kwenye sinki kina kadi inayosema kimetoka wapi na kinaweza kumwagwa au la. Dawa ya kuhifadhia ina pipa lake, haiingii tena kwenye bomba la maji machafu. Kisicho na kadi sikigusi. Nauliza. Siku hizi nauliza mpaka nachosha watu, na Fundi anasema jina langu si Mng'aro tena, ni Maswali.

Mtego ulipokuwa unaandaliwa kurudishwa baharini, Daktari alinifundisha kujaza chupa. Maji ya chumvi nyingi, dawa kwa kipimo, mpaka shingoni. Unagonga ubavu kwa kidole ili mapovu yatoke. Unafunga. Unaandika namba, tarehe na jina lako. Nilijaza namba moja, mbili na tatu. Fundi alijaza zilizobaki. Siku ya meli kuondoka nilikwenda gatini kwa mara ya kwanza. Niliitazama mpaka ikawa nukta. Sikupata nafuu yoyote, lakini niliitazama.

Baada ya mwaka mtego ulitolewa. Chupa zote kumi na tatu zilikuwa na vumbi. Kreti niliibeba mimi, kwa mikono miwili, mpaka kwenye rafu nyekundu.

Taarifa ya miaka yote miwili ilitoka miezi michache baadaye. Daktari alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa korido. Ilikuwa na nafasi ishirini na sita, moja kwa kila chupa. Kwenye nafasi ishirini na tatu kulichorwa nguzo, nyingine ndefu, nyingine fupi, kuonyesha kiasi cha kaboni kilichoshuka. Nafasi tatu za mwanzo zilikuwa wazi. Niliuliza kwa nini hakuandika sifuri. Akasema sifuri ingekuwa na maana kwamba bahari haikushusha kitu. Ilishusha. Sisi ndio tulioshindwa kukitunza.

Nilimleta mama mkwe aione. Ilikuwa siku ya manyunyu, na hakuwahi kukanyaga kituoni tangu mwanawe apotee. Alipita getini bila kumtazama mlinzi. Nilitaka kumsomea maandishi madogo yaliyokuwa chini ya zile nafasi tatu. Alinisukuma kwa kiwiko. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza mwenyewe, silabi moja baada ya nyingine, jasho likimtoka.

"Chu-pa mo-ja ha-di ta-tu. Zi-li-ja-zwa vi-zu-ri ba-ha-ri-ni. Zi-li-mwa-gwa kwa ba-ha-ti mba-ya ma-a-ba-ra-ni."

Akarudia tangu mwanzo. Safari hii hakukatakata maneno. Alipofika kwenye "zilijazwa vizuri" alisimama, akairudia sehemu hiyo peke yake. Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi. Mama mkwe aliweka kiganja chake chote kwenye zile nafasi zilizo wazi, akakiacha hapo.

"Marehemu mwanangu alizijaza vizuri," alisema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo. Nilimshika mkono, tukatoka polepole, maana sakafu ilikuwa imelowa.